Zege Halikauki, Hukomaa: Muda wa Kungoja Kabla ya Kusimamisha Mnara wa Redio

Mnara wa redio ukitazamwa kwa mbali huonekana mwepesi. Ni vipande vya chuma vilivyounganishwa pembetatu kwa pembetatu, na upepo hupita katikati yake. Lakini usalama wa mnara huo, na wa mtu anayeupanda ili kufunga antena, hutegemea kitu kisichoonekana: bonge la zege lililofukiwa ardhini. Baada ya kumwaga zege hilo, zipite siku ngapi kabla ya kusimamisha mnara? Mmoja atasema siku 3, wa pili juma moja, wa tatu siku 28. Makala haya yanaeleza kwa nini idadi ya siku peke yake haitoshi kuwa jibu.

Redio ya ridhaa na minara yake

Redio ya ridhaa ni shughuli ya watu wanaopewa leseni na serikali zao kurusha na kupokea mawimbi ya redio kwa ajili ya kujifunza na kuwasiliana, wala si kwa biashara. Kila kituo hupewa alama yake ya kutambulishwa: alama za Tanzania huanza na 5H, na za Kenya huanza na 5Z. Antena ikiinuliwa juu ya mapaa na miti, aghalabu mawimbi yake hufika mbali zaidi. Ndiyo sababu waendeshaji wengi wa redio hizi hujenga minara ya mita 10 hadi 20 katika nyua zao, mara nyingi kwa mikono yao wenyewe wakisaidiwa na fundi mwashi. Kwa kuwa aghalabu hapana mhandisi wa kusimamia kila hatua, hapana budi mjenzi mwenyewe aelewe tabia ya zege.

Saruji huungana na maji

Watu wengi hudhani kwamba zege hugumu kwa kukauka, kama udongo wa kufinyangia vyungu uanikwapo juani. Dhana hiyo si sahihi. Zege hugumu hata likiwa limezama majini. Nguzo nyingi za madaraja na za magati zimejengwa hivyo.

Saruji ya Portland, ambayo Joseph Aspdin wa Leeds, Uingereza, aliiandikishia hataza mwaka 1824, hupatikana kwa kuchoma pamoja chokaa na udongo wa mfinyanzi katika joto kali, kisha kusaga mawe yatokanayo pamoja na jasi kidogo. Ndani ya unga huo mna kampaundi mbili zilizo muhimu kuliko nyingine kwa nguvu ya zege: trikalsiamu silikati na daikalsiamu silikati. Zikutanapo na maji huungana nayo, na kutokana na mwungano huo huzaliwa vijinyuzi na vijibamba vidogo mno, visivyoonekana kwa macho. Hivyo hujaza nafasi zilizokuwa na maji na kushikamanisha mchanga, kokoto na nondo. Tendo hili huitwa hidresheni, nalo hutoa joto.

Trikalsiamu silikati hutenda upesi na ndiyo iletayo sehemu kubwa ya nguvu katika majuma ya kwanza. Daikalsiamu silikati hutenda polepole, na mchango wake huendelea kwa miezi mingi. Kwa zege la saruji ya kawaida lililotunzwa na unyevu katika nyuzi 20 za sentigredi, nguvu ya siku ya 3 huwa takriban asilimia 40 ya ile ya siku ya 28, na ya siku ya 7 huwa takriban asilimia 65. Siku ya 28 si mwisho wa kukomaa. Ni siku ambayo wahandisi wamekubaliana kupimia zege, na kwa kuwa ni majuma manne kamili, zege lililomwagwa Jumatatu hupimwa Jumatatu.

Maji yakitoweka, hidresheni husimama. Zege lililoachwa hewani bila kutunzwa tangu mwanzo huweza kuishia na takriban nusu tu ya nguvu ambayo lingepata kama lingewekwa na unyevu. Kwa hiyo neno "limekauka", ambalo hutamkwa kwa furaha kazini, mara nyingi ni habari mbaya.

Uzito haungoji, mshiko hungoja

Huenda mwanafunzi akauliza: bonge la zege ni zito tangu saa ile linapomwagwa, ikiwa kazi yake ni kuuzuia mnara usipinduke, kuna haja gani ya kungoja? Hesabu ifuatayo inajibu swali hilo.

Tuseme mnara usio na nyaya za kuushikilia una kimo cha mita 15. Antena iliyo kileleni inakabili upepo kwa eneo la mita mraba 0.8, na mnara wenyewe kwa mita mraba 1.5. Upepo wa mita 35 kwa sekunde, sawa na kilometa 126 kwa saa, huleta kani ya takriban nyutoni 735 kwa kila mita mraba. Antena basi husukumwa kwa nyutoni 588, na momenti yake kwenye kitako cha mnara ni 588 × 15, yaani nyutoni-mita 8,820. Mnara husukumwa kwa nyutoni zipatazo 1,100, nazo zikihesabiwa katikati ya kimo chake hutoa nyutoni-mita 8,270 hivi. Jumla ni takriban nyutoni-mita 17,000. Ikiongezwa athari ya kina cha msingi cha mita 1.2, momenti ya kupindua bonge zima kwenye ukingo wake wa chini hufika nyutoni-mita 19,000.

Sasa litazamwe bonge lenye upana wa mita 1.5 kila upande na kina cha mita 1.2. Ujazo wake ni mita za ujazo 2.7. Kwa kuwa mita moja ya ujazo ya zege ina kilo zipatazo 2,400, bonge hilo lina kilo 6,480, na momenti yake ya kuzuia ni karibu nyutoni-mita 47,600. Hiyo ni mara mbili na nusu ya momenti ya kupindua. Kweli, uzito unatosha tangu siku ya kwanza.

Lakini mnara hauyeyuki ukawa kitu kimoja na bonge. Umeshikwa kwa bolti zilizofukiwa ndani yake. Ikiwa miguu minne ya mnara imepangwa kwa mraba wenye upana wa sentimeta 50, momenti ya nyutoni-mita 17,000 huivuta juu miguu miwili iliyo upande wa upepo kwa jumla ya nyutoni 34,000, yaani 17,000 kwa kila mguu. Ni kana kwamba kila bolti imetundikwa mzigo wa kilo 1,700. Kinachozuia bolti isichomoke ni mshiko wa zege juu ya chuma, pamoja na uwezo wa zege wa kuhimili mvuto. Na uwezo huo, hata zege likiisha kukomaa, ni takriban sehemu moja tu ya kumi ya uwezo wake wa kuhimili mgandamizo. Zege changa lina uzito wote wa zege pevu, lakini halina mshiko wake. Hili ndilo jambo linalongojewa.

Hatari yake ni kwamba haionekani. Mnara uliosimamishwa mapema huweza kusimama wima siku ya shangwe, siku ya utulivu. Nyufa ndogo kuzunguka bolti hubaki zimefichika, hata siku upepo wa dhoruba utakapokuja, au mtu atakapopanda. Minara yenye nyaya za kushikilia haikuepuka jambo hili, maana kila waya umefungwa kwenye nanga yake ya zege, nayo huvutwa wakati wote.

Kalenda na kipimajoto

Mikasa miwili ya Marekani ilifundisha somo hili kwa gharama kubwa. Tarehe 2 Machi 1973, jengo refu lililokuwa likijengwa huko Bailey's Crossroads, Virginia, liliporomoka na kuua wafanyakazi 14. Zege la sakafu lililohusika lilikuwa na umri wa siku 4, lakini wastani wa joto la siku hizo ulikuwa nyuzi 7 tu. Tarehe 27 Aprili 1978, huko Willow Island, West Virginia, majukwaa ya kazi yaliyokuwa yamefungwa kwenye ukuta wa mnara wa kupozea maji ya kituo cha umeme yalianguka, na wafanyakazi 51 wakafa. Zege lililobeba majukwaa hayo lilikuwa limemwagwa jana yake, nalo lilikaa katika baridi iliyopungua nyuzi 10. Uchunguzi wa taasisi ya vipimo ya taifa ulionyesha kwamba lilitwishwa mzigo kabla halijapata nguvu ya kutosha.

Kumbe umri wa zege hauhesabiwi kwa siku peke yake. Watafiti wa Uingereza, Nurse mwaka 1949 na Saul mwaka 1951, walipendekeza kipimo kiitwacho ukomavu: joto la zege huongezwa 10, kisha huzidishwa kwa idadi ya saa. Zege lenye nyuzi 26, kama ilivyo kawaida katika pwani yetu, hupata katika siku 7 ukomavu wa 36 × 168, yaani 6,048. Katika nyanda za juu, zege likiwa na nyuzi 12, kila siku huleta 22 × 24, yaani 528; basi ukomavu ule ule utahitaji siku 11 na nusu. Mtu wa pwani na mtu wa milimani wanaweza kusema "juma moja" huku wakizungumzia mazege mawili tofauti.

Hata hivyo joto si baraka tupu. Zege lililoanza maisha yake katika joto kali hupata nguvu upesi, lakini nguvu yake ya mwisho huelekea kuwa ndogo kuliko ya lile lililoanza polepole. Aina ya saruji pia huhusika: iliyochanganywa na majivu ya volkano hukomaa polepole zaidi, kwa hiyo huhitaji unyevu kwa siku nyingi zaidi.

Kazi yenyewe

Maji ya kuchanganyia yasizidi. Kwa mfuko wa saruji wa kilo 50, lita 25, pamoja na yale yaliyomo mchangani, ni kiasi kinachofaa. Kila lita ya ziada huacha matundu zegeni. Shimo lilowanishwe kwanza ili udongo mkavu usiyanyonye maji ya zege. Likiisha kuganda, sehemu ya juu, ambako bolti hutokeza, ifunikwe kwa magunia yaliyolowa au karatasi ya plastiki, na unyevu udumishwe kwa siku zisizopungua 7. Kwa saruji yenye majivu ya volkano, siku 14. Kloridi ya kalsiamu huharakisha ugumu, lakini huozesha nondo na bolti, basi haifai hapa. Mnara wenyewe usimamishwe kwa kufuata michoro ya mtengenezaji. Na pasipo vipimo vya maabara vinavyothibitisha nguvu ya zege, siku 28 ndiyo kanuni ya busara.

Jaribio la darasani

Wanafunzi watengeneze vijiti 12 vya saruji na mchanga kwa uwiano wa 1 kwa 3, kila kimoja kikiwa na urefu wa sentimeta 50, upana wa 4 na unene wa 2. Wavae glavu, maana saruji mbichi huunguza ngozi. Kesho yake 6 vizamishwe majini na 6 vianikwe juani. Siku ya 3, ya 7 na ya 28, vijiti viwili vya kila kundi viwekwe juu ya matofali mawili yaliyoachana sentimeta 40. Katikati itundikwe ndoo, imiminwe mchanga taratibu mpaka kijiti kivunjike, kisha ndoo ipimwe uzito. Matokeo yachorwe kwenye grafu moja, na kila mwanafunzi aeleze ni kundi lipi angependa lishike bolti za mnara atakaoupanda.