Kujitawala Kuna Kiasi Chake

Katika uwanda wa kati wa Tanzania mvua hunyesha hasa kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni mikavu. Kwa hiyo mkulima wa Ugogo hujifunza mapema kuitawala tamaa yake: mtama na uwele wa kihengeni huliwa kwa kipimo, na mbegu haiguswi. Alaye bila kipimo hufikia msimu wa kupanda mikono mitupu. Lakini afungiaye nafaka yote huku wanawe wakidhoofika, naye amekosea. Nafsi ya mwanadamu nayo ni vivyo hivyo.

Madhara ya kutojizuia yamechunguzwa sana. Huko Dunedin, New Zealand, wataalamu waliwafuatilia watoto wapatao 1,000 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2011 yalionyesha kwamba wale walioshindwa kujizuia utotoni, walipofikia umri wa miaka 32, walikuwa na afya duni zaidi na matatizo zaidi ya fedha na ya ulevi kuliko wenzao.

Hata hivyo, kujizuia kupita kiasi nako kuna gharama. Mwaka 1997 James Gross na Robert Levenson wa Marekani walieleza jaribio ambamo watu walitazama filamu ya kuhuzunisha huku wakitakiwa kuficha hisia zao. Nyuso zilitulia, lakini huzuni haikupungua, na moyo na mishipa ya damu vilionyesha mkazo zaidi. Majaribio ya baadaye yalionyesha kwamba kuficha hisia hudhoofisha pia kumbukumbu ya yanayosemwa wakati huo.

Basi na tumfikirie mvulana aliyefiwa, aliyefunzwa kwamba mwanamume halii. Huketi darasani kimya, akasifiwa kwa uvumilivu, kumbe somo halimwingii.

Kujitawala si kuiua hisia, bali ni kuchagua wakati na namna ya kuieleza. Sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo husaidia kazi hiyo, huendelea kukomaa hata baada ya umri wa miaka 20. Hivyo kijana huhitaji kufundishwa kuliko kulaumiwa. Na mzigo ukizidi uwezo wa nyumbani na shuleni, si aibu kumwendea tabibu: Hospitali ya Mirembe, Dodoma, imehudumia wagonjwa wa akili tangu mwaka 1927.

Hasira ni hasara, wahenga walinena kweli. Lakini mwalimu amwonapo mwanafunzi aliye mtulivu mno, asiishie kumsifu, amwulize hali.