Chaneli 16 Mbele ya Kisian

Ukiwa ufuoni Ogal au Usoma, pande za Kisian kwenye Ziwa Victoria, simu haikusumbui. Mtandao umejaa, na unaweza kumpigia binamu yako Mombasa huku miguu imo majini. Ndiyo maana wengi wanaonunua boti ya matembezi, ile ya kwenda kisiwa cha Ndere Jumamosi na watoto na kurudi na ngege wawili watatu, huuliza: redio ya majini ya nini tena, na leseni yake ya nini?

Swali hilo ni la haki, na halijibiwi kwa kusomewa sheria. Simu humtafuta mtu mmoja ambaye namba yake unayo. Redio humtafuta kila aliye karibu, umjue usimjue. Na ziwani, anayekufikia kwanza kwa kawaida ni mtu usiyemjua. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilitumbukia ziwani karibu na uwanja wa Bukoba ikiwa na watu 43. Waliokuwa wa kwanza kuifikia ni wavuvi waliokuwa wakihangaikia kazi zao asubuhi hiyo. Watu 24 walitoka hai. Miaka minne kabla yake, tarehe 24 Novemba 2018, boti ya starehe MV Templar ilizama upande wa Uganda, pwani ya Mukono, ikiwa na watu waliotoka kujiburudisha. Zaidi ya 30 walikufa. Boti ilikuwa imejazwa kupita kiasi na haikuwa na leseni, na hapo pia wavuvi ndio waliokimbilia kuokoa.

Kwa hiyo kazi ya wito wa dharura ni kumfikia aliye karibu haraka kuliko maji yanavyoingia. Cheo cha anayeusikia hakina maana dakika hizo.

Ulimwengu ulilijua hilo kwa gharama. Usiku wa kuamkia 15 Aprili 1912, Titanic ilipokuwa ikizama, meli iliyokuwa karibu zaidi ni Californian. Redio yake ilikuwa imezimwa; ilikuwa na mwendeshaji mmoja tu, naye alikuwa amemaliza zamu na kwenda kulala. Mwaka huohuo Marekani ilitunga sheria ya kuwapa leseni waendeshaji redio, na mwaka 1914 mkataba wa kwanza wa usalama wa maisha baharini ukazitaka meli kusikiliza usiku na mchana. Leseni ilipata uzito hapo. Ililetwa ili hewani pawe na utaratibu: nani anasema, kwa jina gani, na nani ana wajibu wa kusikia. Anayedhani ilibuniwa kukusanya ada hajasoma historia yake, ingawa nakubali ada hulipwa.

Sasa chombo chenyewe. Redio ya boti ndogo hutumia masafa ya VHF, na chaneli yake kuu ni ya 16, yaani megahezi 156.8. Hiyo ndiyo chaneli ya kuitana na ya dharura dunia nzima, kuanzia Lamu hadi Norwei. Ukishampata mtu hapo kwa jambo la kawaida, mnahamia chaneli nyingine na kuiacha 16 wazi. Redio ya mkononi hutoa wati 5 au 6. Ile ya kufungwa kwenye boti hutoa hadi 25, na zote zina kitufe cha kuishusha hadi wati 1 kwa mazungumzo ya karibu.

Wanunuzi huuliza wati. Wangeuliza urefu wa antena. Mawimbi ya VHF husafiri takriban kwa mstari ulionyooka na hayapindi sana kufuata mviringo wa dunia, hivyo kinachoamua ni urefu wa antena mbili zinazotazamana. Watu wawili waliokaa ndani ya boti, kila mmoja na redio ya mkononi iliyo mita moja juu ya maji, watasikilizana kwa kilomita kama 8, hata wati ziwe ngapi. Pandisha antena hadi mita 4 katika boti zote mbili, umbali unakuwa kama kilomita 16. Na kama upande wa pili kuna mlingoti wa mita 30 ufuoni, hata mwenye redio ya mkononi anaweza kufika kilomita 26 hivi. Ghuba ya Winam ina visiwa na rasi, na kilima kikiwa katikati yenu hesabu hiyo haina kazi. Kwa hiyo kabla ya kung'oa nanga, ita mtu kwa redio upate jibu, na uulize bandarini Kisumu nani anasikiliza chaneli 16 siku hiyo. Redio ambayo haijajibiwa na mtu tangu inunuliwe ni pambo.

Upande wa karatasi kuna mambo matatu, na watu huyachanganya. La kwanza ni kifaa. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, CA, huidhinisha aina za redio zinazoruhusiwa nchini, na zile wokitoki za bei nafuu za Luthuli Avenue jijini Nairobi, hata zikiweza kufika megahezi 156.8, hazikutengenezwa kwa kazi hii. Nyingi hazistahimili maji, jambo ambalo kwa kifaa cha ziwani ni kasoro ya ajabu. La pili ni leseni ya kituo, kwa sababu kisheria boti yenye redio ni kituo cha redio. Chini ya Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya ya 1998, kurusha mawimbi bila leseni ni kosa. La tatu ni cheti cha mtu mwenyewe anayeshika kipaza sauti, kuthibitisha kwamba anajua utaratibu wa hewani. Boti yenyewe, usajili wake na ukaguzi wake, ni shughuli nyingine kabisa, nayo iko mikononi mwa KMA, mamlaka ya usafiri wa majini.

Katika hayo matatu, leseni ya kituo ndiyo inayonishughulisha, kwa sababu ndiyo inayoipa boti yako utambulisho. Unapewa ishara ya mwito, na kwa redio za kisasa unapewa pia namba ya tarakimu tisa iitwayo MMSI. Namba ya boti ya Kenya huanza na 634, ya Tanzania 674 au 677, ya Uganda 675. Namba hiyo huingizwa ndani ya redio. Sasa tazama kitufe chekundu chenye kifuniko upande wa mbele. Ukikifunua na kukibana kwa sekunde kadhaa, redio hutuma yenyewe ujumbe wa kidijitali kwenye chaneli 70: namba yako na, ikiwa imeunganishwa na GPS, mahali ulipo na saa. Redio za aina hiyo zilizo karibu hupiga kengele. Hujasema neno bado, na pengine huwezi, maana maji yamekufika shingoni.

Lakini namba bila sajili ni tarakimu tu. Boti ikiwa imeandikishwa vizuri, mtu wa kituo cha uokoaji anafungua kumbukumbu na kuona: boti ya mita 6, nyeupe, injini moja, hubeba watu wanane, simu ya mke wa mwenyewe ni hii. Anampigia mke, naye anasema walitoka saa mbili asubuhi wakielekea Ndere, watu sita, wawili watoto. Utafutaji umeanza na nusu ya maswali yamekwisha jibiwa. Redio iliyonunuliwa kwa mtu na kuwekwa namba ya kubuni huleta kengele ileile bila hata moja ya habari hizo.

Je, mgeni asiye na cheti akijikuta peke yake na redio, nahodha ameanguka majini? Abonyeze aite. Kanuni za Redio za shirika la kimataifa la ITU, katika kifungu cha 4.9, zinaeleza kwamba hakuna kinachokizuia kituo kilicho hatarini kutumia njia yoyote kilicho nayo kuomba msaada. Wafundishe abiria wako kitufe kiko wapi kabla ya kuondoka. Inachukua muda mfupi kuliko kugawa soda.

Wito wenyewe una mpangilio. Tuseme boti inaitwa Achieng, injini imenyongwa na gugu maji mashariki ya Ndere, upepo wa alasiri umeanza na maji yanaingia kwa nyuma. Chaneli 16, nguvu ya juu. Bonyeza, subiri kidogo, ndipo useme:

"Mayday, mayday, mayday. Hapa ni Achieng, Achieng, Achieng. Mayday, Achieng. Niko nyuzi sifuri dakika 11 kusini, nyuzi 34 dakika 33 mashariki, mashariki ya kisiwa cha Ndere. Injini imezima, boti inaingia maji. Watu sita, watoto wawili, wote wamevaa maboya. Nahitaji kuokolewa mara moja. Ova."

Kisha achia kitufe. Hapa ndipo wengi hukosea: hofu inawafanya wakishike, na ukikishika husikii jibu, tena unaifunga chaneli kwa wote walio karibu nawe. Kama maisha hayako hatarini bado, injini imekufa lakini hali ya hewa ni shwari na nanga imeshika, neno ni "pan-pan" mara tatu, na mengine yanafuata vilevile.

Rudia neno moja katika wito ule: kusini. Winam iko chini kidogo tu ya ikweta, ambayo hupita karibu na Maseno, juu ya Kisian. Boti ikitoka hapa kwenda Sio Port huvuka kutoka kusini kwenda kaskazini bila nahodha kuona tofauti yoyote ya maji. Aliyezoea kuandika tarakimu peke yake, akisema kaskazini badala ya kusini katika mfano wetu, amejiweka zaidi ya kilomita 40 kutoka alipo, kwenye mashamba ya miwa upande wa Butere. Ndiyo maana jina la kisiwa au ufuo hutajwa pamoja na tarakimu. Mvuvi wa ufuo wa Paga hana haja na nyuzi zako. "Mashariki ya Ndere" anaijua.

Na mvuvi huyo, tukubali, mara nyingi hana redio ya VHF. Ana simu. Mwishoni mwa miaka ya 2000, mradi wa chama cha kampuni za simu duniani GSMA, Ericsson na Zain, kampuni ambayo shughuli zake za Kenya baadaye ziliuzwa kwa Airtel, uliimarisha minara iliyotazama ziwa ili mtandao ufike hadi kilomita 20 kutoka ufuoni, kwa nia hasa ya uokoaji. Kwa hiyo mpango mzuri wa Kisian una vyombo viwili. Kabla ya kutoka, mpe mwenyekiti wa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa ufuo wako, habari tatu: mnakwenda wapi, mko wangapi, mtarudi saa ngapi. Mambo yakiharibika, ita kwanza chaneli 16, kisha mpigie: "Mwenyekiti, ni mimi Baba Akinyi, tumekwama mashariki ya Ndere, maji yanaingia." Mtumie na lokesheni. Sauti ikikatika, ujumbe mfupi huweza kupenya. Ukiwa huna salio, 112 na 999 ni bure. Simu ikae ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji ukiwa ungali nchi kavu, kwa sababu kioo kilicholowa hakisikii kidole.

Saa nazo zina maana. Mawingu ya radi hujijenga mchana juu ya milima ya Nandi na Kericho na mara nyingi huteremka kuelekea Kisumu na ghuba jioni. Mwito wa saa tano asubuhi una saa kadhaa za mwanga mbele yake. Wa saa kumi na moja unashindana na dhoruba na giza kwa pamoja.

Mtoto akichezea kitufe chekundu na kengele ikatoka kwa bahati mbaya, usizime redio ukakaa kimya. Ita kwenye chaneli 16, sema jina la boti na namba yake, na utangaze kwamba ilikuwa kosa na mko salama. Na boti ikiuzwa, tuseme imenunuliwa na mtu wa Homa Bay, mjulishe CA ili sajili ibadilishwe kabla ya kukabidhi funguo. La sivyo, siku mnunuzi atakapopatwa na shida karibu na Kendu Bay, simu itakayolia itakuwa yako, nawe utakuwa mezani Kisian ukijaribu kumweleza mtu wa uokoaji kwamba boti si yako tena na jina la mwenyewe umelisahau.