Mkomamanga, Mti wa Uwani kwa Nyumba za Maweni



Baadhi yenu mnaokaa upande wa maweni mmetuuliza kwa nini kila mara maneno yetu ni ya mkarafuu, na hali mkarafuu haukai kwenu. Swali hilo ni la haki. Mwanachama aweza kuwa na mikarafuu yake magharibi, kwenye udongo wa kinongo, lakini nyumba yake na watoto wake wako mashariki, penye mawe, jua na kisima cha maji ya chumvichumvi. Leo twaandika kwa ajili ya uwanja wa nyumba hiyo.

Kwanza tuseme lile ambalo wengi hawapendi kulisikia. Mkarafuu wataka udongo mwingi wa kwenda chini na mvua ya kutosha. Kuupanda maweni ni kuupoteza mche, na kupoteza pia maji yaliyochotwa kwa taabu. Masika mche hupendeza. Ukifika wakati wa jua majani huungua, na mwenyewe akadhani mti wake umetiwa jicho. Hakuna aliyeutia jicho. Mizizi imefika kwenye jiwe.

Mti unaofaa hapo, katika miti ya matunda inayopendeza macho, ni mkomamanga. Asili yake ni Iran na kaskazini ya Bara Hindi, nchi za jua kali. Tunda lake limetajwa katika Kurani Tukufu mara tatu: mara mbili katika Sura ya Al-An'am na mara moja katika Sura ya Ar-Rahman. Omani, katika Jabal Akhdar, hulimwa juu ya matuta ya mlimani na kunyweshwa kwa maji ya falaji. Kule wakati wa baridi hupukutisha majani. Kwetu hakuna baridi hiyo, kwa hivyo hubaki kijani mwaka mzima, na maua yake mekundu huonekana toka mbali. Udongo wa chokaa wauweza, na maji yenye chumvi kiasi hayauui.

Kupata miche

Msipande mbegu. Mti utokao kwa mbegu haufuati mama yake, na mtu aweza kungoja miaka akaishia kupata tunda kali. Chagueni mti mnaoujua kwa utamu, mkate pingili za vijiti vilivyokomaa, zenye unene wa penseli na urefu wa sentimita 20 hadi 25. Zikatwe mwanzo wa vuli, mwezi wa Oktoba, zichomekwe kitaluni penye kivuli chepesi, sehemu kubwa ikiwa ndani ya udongo. Zikishashika, ziacheni zikue hadi masika, ndipo zihamishwe.

Kupanda

Chimbeni shimo la sentimita 60 kwenda chini na upana kadhalika. Penye jiwe tupu msishindane nalo kwa mtaimbo. Tafuteni mfuko wa udongo baina ya mawe. Changanyeni udongo wa juu na samadi iliyooza. Baina ya mti na mti ziwe mita 4. Wala msiupande chini ya mwembe, kwani mkomamanga wataka jua.

Maji

Watu husema mti huu hautaki maji. Maneno hayo ni kweli kwa mti mzima, si kwa mche. Miaka miwili ya mwanzo, wakati wa jua, upeni kama lita 10 mara mbili kwa wiki, jioni, pole pole, yapate kushuka chini. Kunyunyiza kidogo kidogo kila siku huilea mizizi juu juu, nayo hukauka upesi. Funikeni ardhi kwa makumbi ya nazi, yasiguse shina.

Iko na njia ya mtungi. Fukieni mtungi wa udongo karibu na mche hadi shingoni, ujazeni maji, mfunike mdomo. Maji hupenya taratibu hadi mizizini, wala jua haliyapati. Maji ya kutawadhia nayo, yasiyo na sabuni, yakielekezwa kwenye mti hayapotei bure.

Twalisisitiza jambo hili kwa kuwa katika nyumba nyingi anayeamua kupanda ni mume, na anayechota maji ni mke au mtoto. Kabla ya kupanda miti 6, ulizaneni nani atakayebeba ndoo. Mti 1 unaotunzwa ni bora kuliko 6 inayokufa.

Mambo ya kuangalia

Maua mengi yakianguka msifadhaike. Mkomamanga hutoa maua ya namna mbili: lenye tako nene kama gudulia hushika tunda, na lililo kama kengele huanguka. Ndiyo dasturi yake.

Tunda likipasuka mtini, sababu yake mara nyingi ni ukame mrefu kisha maji mengi ghafla. Dawa ni kunywesha kwa kipimo kimoja matunda yanapokua.

Yuko kipepeo anayetaga juu ya tunda, na kiwavi wake hutoboa ndani. Vifunikeni vitunda vingali vidogo kwa vifuko vya karatasi au kitambaa, na matunda yaliyotobolewa yaokotwe yafukiwe.

Machipukizi ya shinani yakateni, mkaacha mashina 3 au 4. Na magamba ya mizizi msiyachemshe kuwa dawa ya minyoo. Yana sumu, na kipimo kikizidi humdhuru mtu.

Faida yake

Hatuwaambii kwamba komamanga litashika mahali pa karafuu. Hewa yetu ina unyevu mwingi, na mwaka wa mvua nyingi matunda mengine yatapata madoa na kuoza. Lakini mti wa pingili huanza kuzaa kiasi cha mwaka wa tatu. Tunda lake huiva miezi 5 hadi 7 baada ya ua, na likikatwa kwa mkasi pamoja na kikonyo, bila ya kuvutwa, hukaa wiki nyingi bila kuharibika. Lichumwe limeiva, kwani haliivi ndani.

Sote twajua kuwa mkarafuu huzaa sana mwaka mmoja, kisha ukapumzika. Katika mwaka wa kupumzika, nyumba yenye matunda uwani ina cha kuwapa watoto na cha kupeleka sokoni mwezi wa Ramadhani.

Mwanachama mwenye mkomamanga wa tunda tamu na atuarifu, ili vuli ikiingia tuwaelekeze majirani zake wapate pingili. Kukatwa vijiti vichache hakuupunguzii mti kitu.