Je, Wajua? Damu Isiyo na Jeni Nayo Huhesabu Saa

Karibu kila seli ya mwili wako ina jeni zinazowashana na kuzimana kwa mzunguko wa saa 24 hivi, hata ukijifungia gizani. Hizi ndizo saa ya mwili inayokupangia usingizi, na mojawapo huitwa BMAL1. Kazi yake haiishii kwenye usingizi: husaidia pia kupanga utengenezaji wa NAD, kemikali ambayo mitokondria huitegemea kugeuza chakula kuwa nguvu. Nguvu hiyo ina gharama. Oksijeni inapotumika hubaki masalia makali yanayoharibu protini na mafuta ya seli, na saa hiyohiyo huhimiza vimeng'enya vya kuyazima.

Mwaka 2006 watafiti nchini Marekani walieleza habari za panya waliozaliwa bila BMAL1. Walizeeka mapema mno: misuli ilinyauka, wakapata mtoto wa jicho, na kwa wastani waliishi wiki 37 tu, ilhali panya wa maabara kwa kawaida hufikisha miaka miwili. Masalia yale yalikuwa yamerundikana katika baadhi ya viungo vyao.

Kwangu mimi, kioja ni chembe nyekundu za damu. Hizi hazina kiini, kwa hiyo hazina jeni hata moja ya kuwasha wala kuzima. Lakini mwaka 2011 John O'Neill na Akhilesh Reddy wa Cambridge waliziweka gizani katika joto lisilobadilika, wakaona peroksiredoksini, protini inayoyazima masalia hayo, ikioksidishwa na kurudi katika hali yake ya awali kwa mzunguko wa saa 24 hivi.