Mfuko wa tatu: kikundi cha hisa kinaposaidia walio nje ya kikundi

Kikundi cha hisa kinapokutana, fedha ya kwanza kukusanywa siyo ya hisa. Ni ya mfuko wa jamii. Katibu anaita namba, mwanachama anatoa kiasi kilekile alichotoa mwenzake, wahesabu fedha wanahesabu mbele ya wote na kutangaza jumla. Hisa zinafuata, moja hadi tano kwa kila mtu kadiri siku ilivyomwendea, na kila hisa inagongewa muhuri kwenye kitabu cha mwanachama. Kabla ya kutawanyika, salio la mfuko wa jamii linatajwa kwa sauti na kila mmoja analishika kichwani, kwa sababu mkutano ujao wataulizwa walitaje kabla fedha hazijahesabiwa. Sanduku lina kufuli 3, na funguo zake zinakaa kwa watu 3 tofauti.

Utaratibu huu shirika la CARE liliuanzisha Maradi, nchini Niger, mwaka 1991. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikuwa umefika Zanzibar na Tanzania Bara, kipindi ambacho VICOBA, yaani benki za jamii vijijini, nazo zilianza kushika kasi. Leo ukitoka Ng'ambo au Isevya mjini Tabora hadi Urambo, Sikonge na Nzega, mama anayeuza karanga, asali au michembe hahitaji kufafanuliwa hisa ni nini. Nataka kueleza jambo moja ambalo vikundi hivi vina uwezo wa kulifanya na bado vingi havijalifanya: kuunganisha michango yao na kuzisaidia taasisi ndogo zinazohudumia watu katika kata yao.

Tuanze na kilichomo sandukuni. Mfuko wa hisa hukopeshwa kwa wanachama, na mwisho wa mzunguko, ambao huchukua miezi 9 hadi 12, kila mtu anarudishiwa akiba yake pamoja na faida. Mfuko wa jamii ni wa dharura: msiba, ugonjwa, nyumba kuungua. Mifuko yote miwili ni ya wanachama. Bibi anayelea wajukuu yatima na hana hata shilingi ya kununulia hisa hayumo. Mtoto mwenye ualbino anayehitaji kofia na mafuta ya kujikinga na jua hayumo, mama yake asipokuwa mwanachama. Hawa wanahudumiwa, pale wanapohudumiwa, na vituo vya kulelea watoto, vikundi vya kuwauguza wagonjwa majumbani na wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Wengi wa watoa huduma hao wanajitolea, na mara nyingi kinachowakwamisha ni nauli.

Tabora ina historia ndefu ya watu kubebana. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipitia Unyanyembe, na wapagazi wa Kinyamwezi ndio walioibeba biashara hiyo mabegani. Njiani walijigawa katika makundi madogo yaliyopika na kula pamoja. Wanawake nao walisafiri, wakabeba vyombo na chakula, wakapika, na wengine walifanya biashara zao wenyewe. Kundi ndilo lililomlinda msafiri. Msaada huo, hata hivyo, uliishia kwa wanaokula chungu kimoja, na mfuko wa jamii wa leo una mpaka huohuo.

Mpaka huo unavukika, na wanawake wa nchi hii walishauvuka. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba jijini Dar es Salaam, alipewa kazi ya kuwaandikisha wanawake katika TANU, chama kilichopigania uhuru. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma. Vikundi hivyo vilikuwa vya furaha na kufaana baina ya wanachama, lakini vilikuwa na viongozi, nidhamu na mtandao, na katika muda mfupi maelfu ya wanawake wakawa na kadi za chama. Kilichokuwa cha wanachama kikawa nguvu ya taifa. Januari 1958, TANU ilipokutana hapa Tabora kuamua kama ishiriki uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia, chama hicho kilikuwa kimejengwa kwa sehemu kubwa na juhudi za akina mama hao.

Katika nchi nyingine watu wamebuni njia ya kuchangia taasisi za jirani kwa pamoja. Mwaka 2001 Wendy Steele wa Cincinnati, Marekani, alianzisha Impact 100: wanawake 100, kila mmoja dola 1,000, wanapiga kura na taasisi moja ya mji wao inapata dola 100,000. Mwaka 2006, katika mji wa Jackson, jimbo la Michigan, Karen Dunigan aliwakutanisha wanawake zaidi ya 100 waliotoa dola 100 kila mmoja. Katika muda usiofika saa moja zilipatikana dola 10,000 na ushei za kununulia vitanda vya watoto wachanga. Wingi wa watu na kura ya pamoja ndivyo vilivyofanya kazi pale, na sisi vyote tunavyo. Kamati ya harusi Tanzania hukusanya mamilioni kwa wiki chache, kwa ahadi, daftari na simu ya kukumbushia.

Kwa hiyo napendekeza mfuko wa tatu. Tuchukue mfano wa kikundi cha wanawake 25, kila mmoja akitoa shilingi 500 kwa kila mkutano. Mkutano mmoja unaleta 12,500. Mikutano 40 inaleta 500,000. Vikundi 10 vya kata moja vikiungana vinafikisha 5,000,000 kwa mzunguko, fedha ambayo kituo kidogo kinaweza kuipangia kazi ya mwaka mzima.

Ili mfuko huu usizae ugomvi, yapo mambo ya kuzingatia. Uandikwe kwenye katiba ya kikundi na uwe na ukurasa wake kwenye daftari la katibu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inaviweka vikundi hivi daraja la nne na kuvitaka visajiliwe, kwa hiyo katiba iliyonyooka ni kinga ya wanachama wenyewe. Mfuko wa jamii usiguswe hata kidogo, kwani siku ya msiba hakuna atakayesikiliza kwamba fedha zilikwenda kwenye kituo. Mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ambao wanawake wametengewa 4, vijana 4 na watu wenye ulemavu 2, nao usitumike kuchangia humu, maana una tarehe ya kurejeshwa.

Kuchagua anayepewa ndiko kunakohitaji umakini zaidi. Wanachama wapendekeze taasisi 3, kila moja ije ieleze kazi yake kwa dakika chache, kisha kura ipigwe kwa siri. Mwanachama mwenye ndugu katika taasisi aseme mapema na asipige kura. Afisa maendeleo ya jamii wa kata aulizwe kama taasisi imesajiliwa na kama inafanya kazi kweli. Fedha ikabidhiwe mbele ya kikundi, na baada ya miezi 6 mpokeaji arudi kueleza ilivyotumika. Asiporudi, mzunguko unaofuata asipendekezwe.

Wapo watakaosema mwanamke anayehangaika na ada ya kikundi asiongezewe mzigo. Hoja hiyo ina uzito, ndiyo maana mchango huu uwe wa hiari, usiwe na faini, na anayekosa asitajwe jina. Lakini tusimhesabu mwanamke wa Tabora kama mpokeaji tu. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, taasisi nyingi nchini zilipunguza kazi au kuzisimamisha kwa uamuzi uliofanywa mbali na kata zao. Shilingi 500 za akina mama hazitaziba pengo lote, ila zinatolewa na watu wanaomjua mgonjwa kwa jina na watakaouliza wasipoona kazi.

Mahali pa kuanzia ni mkutano wa mwanzo wa mzunguko mpya, katiba inapopitiwa upya na viongozi kuchaguliwa. Ajenda hii iwekwe hapo, ijaribiwe kwa mzunguko mmoja na taasisi moja, kisha wanachama waamue wenyewe kama waendelee.