Je, Wajua? Joto la Mbwa Hushuka Kabla ya Uchungu

Projesteroni, homoni inayotunza mimba, hupandisha joto la mwili kwa kuathiri haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayodhibiti joto. Homoni nyingine, estrojeni, huelekea kulishusha. Mbwa jike, awe wa Kasomeno huko Haut-Katanga au wa Ulaya, kwa kawaida huwa na nyuzi 38 hadi 39 za Selsiasi. Mwishoni mwa mimba, inayodumu siku 63 hivi, projesteroni huporomoka, na joto hushuka kwa takriban nyuzi 1. Kwa kawaida uchungu huanza ndani ya saa 24. Kipimajoto cha kawaida humtosha mfugaji, japo si kila mbwa atakubali kupimwa! Ng'ombe naye hupoa kabla ya kuzaa, ila kidogo zaidi: nyuzi 0.5 hivi.