Mvua Isiyokunyeshea

Shule zikifungwa mwezi wa Aprili, vikundi vya vijana kutoka mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kama Buruburu, Umoja, Donholm, Kayole na Jericho, hukodi matatu, wakafunga mahema na sufuria juu ya keria, wakaelekea Naro Moru, Aberdare au Naivasha kupiga kambi. Ni desturi nzuri na inafaa ienee. Mtoto aliyelelewa kwenye ploti ya ghorofa tano ana haki sawa na mwingine yeyote ya kukiona kilele cha Batian, Mlima Kenya, asubuhi kabla mawingu hayajakifunika. Tatizo ni kwamba likizo hiyo huangukia kileleni mwa masika, na mahali ambapo karibu kila kundi hupapenda ni ukingoni mwa mto: ardhi ni tambarare, maji ya kupikia yako karibu, na sauti ya mto inabembeleza usingizi. Watu hutazama juu, wakiona nyota wanaridhika, wakalala. Hoja yangu ni kwamba kutazama anga ya kambini hakumlindi mtu. Usalama wa hema lililo kando ya mto wa mlimani unategemea mambo mawili tu: mvua inayonyesha mbali huko juu, na kimo cha hema kutoka kwenye kitanda cha mto.

Mlima ni kama paa la mabati, na bonde ni mfereji wake. Anayekinga ndoo mwisho wa mfereji hupokea maji ya paa zima, hata kama yeye mwenyewe amesimama pakavu. Hesabu yake si ngumu. Milimita moja ya mvua juu ya kilomita moja ya mraba ni lita milioni moja. Chukua bonde dogo la kilomita 20 za mraba, lipate milimita 50 jioni moja, kiasi ambacho wakati wa masika hakimshangazi mtu. Hizo ni lita bilioni moja. Nusu ikinywewa na udongo na nusu ikateremka kwa muda wa saa mbili, mto utakuwa ukibeba wastani wa lita 70,000 kila sekunde, ilhali mchana huenda ulibeba lita elfu moja au mbili na watoto wakauvuka kwa kurukia mawe. Kwa kasi ya mita mbili na nusu kwa sekunde, maji hayo hukata kilomita kumi kwa saa moja na dakika chache. Mvua inayoanza saa mbili usiku kwenye mwinuko inaweza kufika kambini saa nne au saa tano, moto umeshazimwa na kila mtu amejifunika. Tena, msukumo wa maji huongezeka kwa mraba wa kasi: kasi ikiwa maradufu, msukumo unakuwa mara nne. Ndiyo maana maji ya magotini yanayokwenda mbio humwangusha mtu mzima, na yakifika kina cha sentimita 60 hubeba magari mengi.

Milima yetu ina tabia yake inayoongeza hatari hiyo. Asubuhi Mlima Kenya na Aberdare huwa peupe. Jua linapopasha miteremko joto, hewa yenye unyevu hupanda, hupoa, hugeuka mawingu, na mvua huanguka alasiri hadi usiku. Haianguki sawasawa. Upande wa kusini mashariki wa Aberdare, unaokabili pepo zitokazo Bahari ya Hindi, hupata takriban milimita 3,000 kwa mwaka. Upande wa kaskazini magharibi hupata karibu 1,000. Kundi linaweza kuwa limelala kwenye mteremko mkavu huku mto wake ukilishwa na mawingu yaliyokwama kwenye kilele kisichoonekana kutoka kambini. Halafu kuna udongo. Juu ya ukanda wa mianzi kuna nyika ya baridi yenye mboji nyingi, inayohifadhi maji na kuyaachia polepole, na hiyo ndiyo sababu mito hii haikauki Januari. Lakini mboji ikishajaa baada ya wiki nne za mvua, haina pa kuongeza. Mvua ile ile ambayo mwanzoni mwa Machi ingemezwa kimyakimya, mwishoni mwa Aprili huteremka yote. Anayesema kwamba alinyeshewa zaidi ya hapo mwezi mmoja uliopita na mto haukufura anasema kweli, lakini ukweli huo haumsaidii tena.

Ushahidi wa nyumbani upo, na unauma. Aprili 2012, vijana saba wa kundi la kanisa moja la Nairobi walifariki kwenye korongo la Hell's Gate baada ya maji kuwavamia ghafla. Septemba mosi 2019, watu saba wengine walikufa katika korongo hilo hilo. Mwezi huo wa Septemba haumo katika masika wala vuli, kwa hiyo kalenda ni msaada tu, haiwezi kuwa ngao. Mei mosi 2024, Mto Talek ulivunja kingo zake huko Maasai Mara ukazifunika kambi na hoteli, na makumi ya watu wakaokolewa, baadhi yao kwa helikopta. Siku mbili kabla yake, alfajiri ya Aprili 29, makumi ya watu waliangamia Mai Mahiu, chini ya mteremko wa Bonde la Ufa. Huko maji yalikuwa yamezuiwa na magogo na takataka kwenye njia yake chini ya reli, yakajikusanya, kisha yakafumuka kwa mpigo mmoja. Mai Mahiu haikuwa kambi ya watalii, lakini kilichotokea pale ndicho ambacho mpiga kambi anapaswa kukiogopa kuliko vyote. Mto wa mlimani unapopita kwenye msitu wa mianzi unaweza kujiwekea bwawa la magogo usiku, na bwawa hilo likipasuka, maji huja kama ukuta. Mto unaopungua ghafla wakati wa mvua unamwambia mtu akimbie, ingawa macho yanamwambia kwamba hatari imepita.

Pingamizi la kwanza ninalolitarajia ni hili: kambi ndani ya hifadhi ya taifa zimepimwa na serikali, zina ubao na ada inalipwa, basi vipi mtu wa kawaida ajue zaidi ya wataalamu? Ningependa iwe hivyo. Lakini Agosti 7, 1996, katika milima ya Pyrenees nchini Hispania, kijito kiitwacho Arás kilishuka juu ya kambi ya Las Nieves karibu na mji wa Biescas na kuua watu 87. Kambi hiyo ilikuwa na kibali. Ilikuwa imejengwa juu ya mwago wa mawe na mchanga ambao kijito chenyewe kilikuwa kimeutandaza kwa karne nyingi mahali kinapotoka bondeni, yaani kwenye uwanja wake halisi. Mwaka 2005 mahakama ya Hispania iliamua kwamba mamlaka za serikali ziwalipe fidia walioathirika. Usiku wa Juni 11, 2010, katika kambi ya Albert Pike ndani ya msitu wa taifa huko Arkansas, Marekani, mto uliokuwa na kina cha takriban mita moja ulipanda kupita mita saba kwa saa chache, na watu 20 wakafa, wengi wakiwa usingizini. Kambi hiyo ilisimamiwa na serikali yenyewe. Anayepima kiwanja cha kambi mara nyingi hutafuta pale gari linapofika, hema linaposimama vizuri na maji yalipo karibu. Sifa hizo tatu zinakutana kwenye uwanda wa mafuriko, kwa sababu mafuriko ndiyo yaliyousawazisha.

Hapo ndipo suala la kimo linapokuwa zito kuliko umbali. Wakazi wa Mathare na Mukuru wanaijua vizuri namba 30: Mei 2024, baada ya mafuriko, serikali ilibomoa nyumba zilizokuwa ndani ya mita 30 kutoka mtoni. Namba hiyo ni rahisi kuisimamia kwa futi kamba, lakini mto haupimi kwa futi kamba. Ukingo wa mwamba ulio mita 10 kutoka majini na mita sita juu yake unaweza kuwa salama, na ufuko wa nyasi ulio mita 60 kutoka majini lakini nusu mita tu juu yake ni sehemu ya mto. Kwa hiyo kabla ya kupigilia mambo ya hema, kiongozi wa kundi atembee na kusoma ardhi. Mito ya milimani huacha ngazi: kitanda chenye mawe, kisha uwanda wa chini, kisha ngazi ya pili iliyo juu zaidi yenye miti mikubwa na udongo mweusi. Hema liwe kwenye ngazi hiyo ya pili au juu yake. Atazame matawi ya vichaka; nyasi kavu na vijiti vilivyonasa humo kwa kimo cha kifua ni alama ya mahali maji yalipofika. Mchanga msafi usio na majani yaliyooza, mawe ya mviringo chini ya nyasi na vichaka vilivyolala vyote upande mmoja vinasema jambo hilo hilo. Aepuke kabisa mdomo wa korongo dogo linaloingia bondeni kutoka pembeni, hata likiwa kavu kabisa, maana ndiko kambi ya Biescas ilikokuwa.

Watakuwepo watakaosema kwamba wamepiga kambi mahali fulani miaka kumi na hapajawahi kutokea kitu. Sina sababu ya kuwakatalia. Furiko lenye uwezekano wa asilimia moja kila mwaka huweza kupita miaka kumi bila kuonekana mara tisa kati ya kumi, na bado katika miaka thelathini uwezekano wa kutokea walau mara moja hufika asilimia 26. Kumbukumbu ya mtu ni fupi mno kuupima mto. Kumbukumbu ya kutegemewa ni ile iliyo kwenye udongo na kwenye vichaka, na ya wazee wanaoishi chini ya mto. Na kuhusu utabiri kwenye simu, ni vema kuuangalia, mradi mtu akumbuke kwamba mara nyingi unazungumzia mji ulio chini ya mlima, na kwamba mabonde mengi ya huko hayana mtandao usiku.

Pingamizi lililo zito zaidi ni la haki. Mtu wa Eastlands anaweza kuniuliza kwa nini nizungumzie mahema ya likizo wakati majirani zake walizolewa na maji wakiwa vitandani mwao Mathare, Aprili 2024. Swali hilo nalichukua kwa uzito wote. Mito yetu inafuata kanuni ile ile: Mto Nairobi huanzia kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu, takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hupita jiji zima kabla ya kufika Dandora iliyo chini yake kwa kama mita mia nne. Mvua ya Kikuyu na Kiambu, pamoja na ile inayomwagika kwenye lami na saruji za katikati ya jiji, huishia Eastlands, na wanaoipokea ni watu ambao kodi ya nyumba imewasukuma hadi ukingoni. Tofauti ni kwamba mama wa Mathare hana pa kuhamia, na hilo ni deni la jiji na la serikali wala si kosa lake. Hema huhamishwa kwa dakika kumi. Kwa sababu hiyo hiyo sioni kisingizio cha kiongozi anayewalaza watoto arobaini kwenye mchanga. Tena kijana aliyefundishwa kuusoma mto kule Naro Moru atarudi akiutazama mto wa mtaani kwake kwa macho mengine, na huenda akauliza maswali ambayo ofisi za jiji zinapaswa kuyajibu.

Mengine ni ya utekelezaji. Jioni, jiwe lililopakwa rangi au kijiti kiwekwe ukingoni kabisa mwa maji, na watu wazima wawili washike zamu ya kukitazama kwa tochi kila nusu saa, kwa sababu sauti ya mto iliyomlaza mtu ndiyo itakayomzuia kuusikia ukifura. Maji yakigeuka kuwa ya udongo, yakianza kubeba majani na vijiti, au yakikifunika kijiti, kundi lote lipande mteremko moja kwa moja, likiacha mizigo. Lisifuate barabara ya bondeni kwa gari na lisivuke mto kumfuata mtu. Njia hiyo ya kupanda iwe imepitiwa na kila mtoto kabla giza halijaingia. Kwa upande wao, wasimamizi wa hifadhi, Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) likiwa mbele, wanaweza kufanya jambo ambalo gharama yake ni ndogo: kusimamisha nguzo katika kila kambi iliyo kando ya mto, yenye mstari wa kimo cha juu kabisa ambacho maji yamewahi kufika, na mshale unaoonyesha njia ya kupandia. Kule Le Grand-Bornand nchini Ufaransa watu 23 walikufa kambini Julai 14, 1987. Kufikia 1994 nchi hiyo ilikuwa na kanuni zinazotaka kambi zilizo katika maeneo ya hatari ziwe na maelezo kwa wageni, tahadhari na mpango wa kuhama. Sisi tumepita zaidi ya miaka kumi tangu vijana wale wa 2012. Nguzo, rangi na fundi wa siku moja kwa kila kambi vinaweza kupatikana kabla ya shule kufungwa Aprili ijayo.